Theluji ya Oktoba

Kila nikirudi nyumbani naulizwa baridi ya Norwei ilikuwaje, na kama ni kweli kuna miezi jua halichomozi. Mjomba wangu wa Newala peke yake ndiye aliyeuliza ilisikikaje. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu kipande cha video cha maporomoko ya theluji, upande mzima wa mlima mweupe unashuka kama ukuta wa nyumba ya udongo wakati wa masika, naye akataka kujua kama ile ni kweli au ni mambo ya kompyuta. Nikamwambia ni kweli, na kwamba niliwahi kusimama chini ya mlima wa namna hiyo.

"Ilisikikaje?"

Nikafikiri kidogo. "Kama gunia la korosho likitupwa kwenye sakafu ya ghala tupu, mjomba. Pwuu, mara moja. Halafu kimya."

Akanitazama. "Mkakimbia?"

Hapo ndipo penye kisa, maana hatukukimbia. Tulicheka.

Nilikwenda Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kusoma jiolojia kwa miaka miwili. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kijana wa Mtwara aliyefaulu sayansi aliambiwa akasomee gesi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, na wengine tulikuwa tumeshajichagulia ofisi Shangani zinazotazama bahari. Ofisi niliyoipata baadaye haitazami bahari wala haihusiani na gesi, lakini hayo yana siku yake.

Theluji nilikuwa naijua kwa picha za Kibo tu, kama Watanzania wengi. Mwaka ule ilianguka mara ya kwanza katikati ya Oktoba, usiku, na asubuhi nikatoka nje na kandambili ili niikanyage. Nikapiga picha nikamtumia mama. Akajibu maneno mawili: "Vaa soksi." Mjini ilifunika viatu tu, milimani ikafika chini ya goti. Kisha anga likatakata, na kwa wiki tatu hivi hakikuanguka kitu. Baridi kavu, nyota usiku kucha. Wakati huo huku kwetu watu wako mashambani wanaokota korosho, na mimi nikaandika nyumbani kwamba majira ya baridi ya kule si mabaya kama wanavyosema.

Theluji ile ndogo, iliyokaa wiki tatu chini ya anga safi, ndiyo iliyotaka kutumaliza mwezi wa pili.

Jambo hili lilinisumbua kichwani muda mrefu, kwa sababu akili yangu ya pwani ilidhani theluji ya kuogopwa ni ile nyingi. Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzi sifuri, kwa kuwa bado imetunza joto la miezi iliyopita. Hewa ya juu yake inaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Theluji ikiwa na kina cha sentimita 150, tofauti hiyo inagawanyika taratibu, nyuzi moja kwa kila sentimita 10. Ikiwa ya sentimita 30 tu, ni nyuzi 5 kwa kila sentimita 10, na wataalamu huanza kukunja uso ikizidi moja. Mvuke huondoka kwenye punje za chini zenye joto kidogo, unapanda, unaganda kwenye punje za juu yake, kama mvuke wa wali unavyonata kwenye mfuniko. Usiku baada ya usiku punje zinabadilika sura. Zinaota pembe na kingo, nyingine zinakuwa kama vikombe vidogo, na haziungani tena.

Wenzetu wanaiita theluji ya sukari. Mimi nikiishika niliona chumvi ya mawe, ile ya mashamba ya chumvi ya kwetu: unaifumbata kiganjani, unaikamua, ukifungua vidole inamwagika yote. Theluji nzuri haifanyi hivyo. Ile hushikana kama unga wa muhogo wenye unyevu.

Desemba, jua likiwa limeshatuaga tangu mwishoni mwa Novemba, theluji ya kweli ikaja, na upepo. Upepo wa kule husaga theluji, ukaibeba kutoka upande mmoja wa mlima na kuipakia upande wa pili, ikashikana ikawa bamba. Juu ya bamba unaweza kutembea, unaweza hata kurukaruka, na miguu inakuambia kwamba hapa ni pagumu. Miguu inasema kweli kuhusu inachokigusa. Ni sawa na mtu aliyemwaga zege juu ya gololi: atakayeliona lile zege atalisifu.

Tena tabaka kama hilo halina haraka. Theluji mpya iliyoanguka juu ya theluji yenye afya huwa mbaya kwa siku chache, kisha hukaa sawa. Hii ya sukari inaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi, chini kule gizani, huku watu wa juu wameshasahau kama kulikuwa na Oktoba.

Tarehe 21 Januari jua lilirudi. Watu wa Tromsø siku hiyo hula maandazi ya jua, mviringo yenye jamu ndani, na shule huwatoa watoto nje wakalitazame. Nilikula manne. Baada ya hapo kila mtu alitaka kwenda milimani, na wiki kama mbili baadaye wenzangu watatu wakanialika matembezi ya siku moja kwenye bonde moja la bara, mbali na bahari, ambako baridi ni kavu zaidi. Wawili walikuwa wenyeji. Mmoja wao nitamwita Mrefu, maana ndivyo alivyokuwa. Wa tatu alikuwa mgeni kama mimi, ila kwao pia kuna theluji. Kwa ajili yangu hakuna aliyevaa ski. Tulivaa viatu vya wavu, vile vipana vinavyomzuia mtu asizame, na makubaliano yalikuwa kwamba hatupandi mlima wowote. Tungefuata sakafu ya bonde mpaka kibanda fulani, tunywe kahawa, turudi.

Asubuhi Mrefu alisoma tahadhari ya siku hiyo kwenye simu. Norwei ina huduma ya taifa inayotoa taarifa za maporomoko ya theluji tangu 2013, kwa madaraja kuanzia 1 hadi 5. Siku ile ilikuwa 3, na maelezo yalitaja tabaka dhaifu la kudumu kwenye miteremko isiyopata jua. Tatu kati ya tano. Kwa sisi tuliozoea mitihani, tatu kati ya tano ni wastani, umefaulu, nenda kacheze. Lakini madaraja yale hayapandi kama ngazi zenye hatua sawa, na vifo vingi Ulaya hutokea siku za daraja la 3. Siku ya 5 watu hukaa ndani. Siku ya 3 hupanga safari.

Tulikuwa tumetembea kama saa moja, mahali tambarare kabisa, pa kuweza kucheza mpira. Nikasikia ile pwuu. Niliisikia kwa miguu kwanza: theluji yote tuliyokanyaga ilishuka pamoja, labda kimo cha kidole, na ufa mwembamba ukakimbia mbele yetu kama mjusi. Mgeni mwenzangu akaruka. Mrefu akacheka, akasema, "Imekaa tu." Tukacheka wote.

Sasa niseme wazi kitu ambacho nilikificha muda mrefu. Mimi nilikuwa naijua sauti ile. Mwezi wa kumi na moja chuo kilitupa semina ya siku mbili, na mwalimu alitumia karibu nusu saa kutueleza kwamba sauti hiyo ni tabaka la chini linalobomoka, hewa inakamuliwa, na ubomokaji unaweza kusafiri chini ya bamba umbali mrefu kutoka uliposimama mpaka ukakute mteremko. Alisema huhitaji kuwa juu ya mlima ili uuangushe. Unaweza kuuvuta ukiwa bondeni, kama mtu anayechomoa gunia la chini kwenye mrundo. Nilikuwa nimeandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Nikanyamaza. Wale wamezaliwa kwenye theluji, wamejifunza kutembea juu yake, na mimi wiki tatu kabla nilikuwa nimeanguka nje ya duka nikamwaga maziwa mbele ya watu. Mgeni ni kuku mweupe, kila mtu anamwona. Nitaanzaje kumwambia mtu wa Norwei habari za theluji? Nikakumbuka pia ile methali nyingine tunayowaimbia wageni wetu, mgeni njoo mwenyeji apone, nikaiona kama ya kwenye khanga tu.

Dakika kumi hivi mbele, bonde likabana. Kulia kwetu kulikuwa na mteremko mfupi usio na miti. Maporomoko mengi hutokea kwenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45, na ukitaka kuuona mwinuko huo fikiria paa la makuti. Huu haukuonekana wa kutisha. Haukuwa mlima wa kwenye video. Ulikuwa kilima, kitu ambacho huku mtoto angekipanda kufuata embe.

Pwuu ya pili ilikuwa kubwa. Nikainua uso na kuona mstari ukichoreka juu, karibu na kilele, kutoka kushoto kwenda kulia, umenyooka kama uliokatwa kwa kisu. Kisha kila kilichokuwa chini ya mstari kikavunjika vipande kama sahani. Sikumbuki kelele kubwa. Nakumbuka vipande vikipishana, na Mrefu, aliyekuwa wa mwisho, akigeuka upande usiofaa.

Sisi watatu wingu la vumbi lilitupita tu. Yeye theluji yenyewe ilimfika kiunoni. Ikasimama.

Ikisimama, theluji ile haibaki theluji. Inakaza. Hakuweza kusogeza hata kidole cha mguu, na alikuwa mzima, anaongea, anatutukana kwa Kinorwei. Tulikuwa na machepe mawili kwa watu wanne. Vile vifaa vya redio vya kuvaa kifuani, vinavyotuma mawimbi ya kilohezi 457 ili aliyefukiwa atafutwe, walikuwa navyo wenyeji wawili tu, kwa sababu tulikuwa hatupandi mlima. Tulichimba kwa zamu tukihema kama punda, na tulipomtoa nikatazama saa: dakika ishirini na kitu. Mtu aliyefunikwa kichwa ana nafasi nzuri katika dakika 15 za mwanzo, baada ya hapo nafasi inaporomoka. Hesabu hiyo niliifanya pale pale, nikiwa nimeshika chepe, na sikumwambia mtu.

Kiatu chake kimoja cha wavu hakikuonekana. Tukarudi kimyakimya, tumeachana hatua nyingi kama watu wasiojuana.

Siku iliyofuata mama mmoja wa makamo, ambaye kazi yake ilikuwa kupima theluji, alikubali kutupeleka mahali salama penye theluji ya namna ileile akatuonyesha. Alichimba shimo mpaka ardhini, akasawazisha ukuta wake, akatuambia tuusukume kwa ngumi, kisha kwa vidole vinne, kisha kwa kidole kimoja. Juu ngumi iligoma. Chini kabisa, karibu na majani makavu, ngumi nzima iliingia bila nguvu, na punje zikamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Akakata nguzo ya theluji, akaweka chepe juu yake na kuanza kugonga: mara kumi kwa kiganja akitumia kifundo cha mkono, kumi kutoka kwenye kiwiko, kumi kutoka begani. Haikufika begani. Kwenye pigo la kumi na tatu bamba lote liliteleza kuja kwetu kama droo.

"Hii ni Oktoba," akasema, akionyesha ile chumvi ya chini.

Mimi nikawaza bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili kuona kilichomo ndani.

Nilipokuwa darasa la tano au la sita nilipelekwa likizo Newala, na mjomba akanichukua kwenye ghala la chama cha msingi siku ya kupokea korosho. Alikuwa akisaidia kupima ubora. Kulikuwa na gunia moja limeshonwa vizuri, limefunguliwa mdomo, na korosho za juu zilikuwa kavu, nene, za kung'aa. Mwenye gunia alisimama kando akisema maneno mengi. Mjomba hakutazama mdomo wa gunia hata kidogo. Alichukua bambo akalichoma ubavuni, chini, kwa mshazari, akalichomoa, akamwaga korosho kiganjani na kuninusisha. Zilikuwa na ubichi, moja imeanza ukungu. Yule bwana aliziokota mvua za kwanza zilipodondoka, akazitia gunia mbichi, kisha akajaza juu zile za siku za jua. Inawezekana hakukusudia. Gunia hujazwa kwa siku nyingi, na siku ya kwanza inakwenda chini.

Nilimweleza mjomba haya yote barazani kwake, na nilipofika kwenye shimo la yule mama akanikatiza. "Kwa hiyo wanalo bambo," akasema, kama aliyeondolewa mzigo. Lakini hakuniachia. Akataka kujua kama wenyeji wale hawafahamu hatari yao wenyewe.

Wanaifahamu. Nikamtajia Vassdalen, tarehe 5 Machi 1986, askari 16 wa Norwei walipouawa na maporomoko wakiwa kwenye mazoezi. Nikamtajia Longyearbyen, mji wa kule visiwa vya Svalbard, ambako tarehe 19 Desemba 2015 theluji ilishuka kutoka mlima ulio juu ya nyumba, ikasukuma nyumba 11 na kuua watu wawili, mmoja mtoto mdogo. Watu walikuwa majumbani mwao Jumamosi asubuhi. Hawakupanda kitu. Mjomba akatikisa kichwa, akanyamaza muda.

"Sisi tulikatazwa ukingo," akasema mwishowe. Alikuwa na maana ya Shimo la Mungu, pale Newala ambapo uwanda wa Wamakonde unakatika ghafla na mtu anaona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Zamani wanawake wa juu walishuka magenge yale kufuata maji na kupanda tena na mitungi kichwani, na bibi, mama yake yeye, alikuwa mmoja wao. Aliwafundisha wanawe wasisimame ukingoni mvua zikishaanza, hata majani yakiwa mabichi na pameshonana, kwa sababu maji hula chini kwanza. "Akisikia udongo unapumua," mjomba akasema, "anarudi nyuma na kupiga kelele. Hata kama yuko na wakubwa zake."

Hilo la mwisho lilinichoma, na nadhani alikusudia linichome. Hakuwa amesahau kwamba nilinyamaza.

Nimelibeba mpaka huku mjini. Nje kidogo ya Mtwara kuna shimo la mchanga wa kujengea ninalopita nikienda kazini. Vijana huchimba kwa machepe na kupakia malori. Juu kuna tabaka lenye mizizi ya nyasi, limeshikamana kama mkeka, na chini yake mchanga mweupe usioshikana. Bila shaka wanachimba chini, ndiko kwenye mchanga safi, na mkeka wa juu unabaki umening'inia kama kibaraza. Mchana wanakaa humo kujikinga na jua. Na juu ya kibaraza hicho, nyuma kidogo tu, dereva huegesha lori akisubiri lijae.

Mwezi wa tano nilisimamisha pikipiki nikashuka. Niliwaamkia, nikaanza na habari za kazi, kisha nikasema. Niliwaambia mchanga ule wa chini haujashika kitu, kilichoshika ni mizizi, na mizizi haikupangiwa lori. Nilizungumza vibaya, nilikuwa na haraka na aibu. Mmoja wao, kijana wa miaka ishirini na kidogo, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Sawa, kaka," akasema. "Lakini sisi tumezaliwa hapa."

Na mimi nimezaliwa hapa, nikamwambia. Wakacheka, kwa sababu mwenzao mmoja alikuwa ameshawanong'oneza kwamba huyu ndiye yule aliyekuwa Ulaya.

Nimerudi mara mbili. Mara ya pili nilikwenda na mjomba, aliyekuja mjini kwa matibabu ya macho, naye hakuhutubia mtu. Aliomba mti mrefu, akatoka upande wa juu akitembea polepole, akausukuma ardhini hatua mbili nyuma ya ukingo. Mti ulipita kwenye majani kwa shida, kisha ukazama wenyewe mpaka mkononi mwake. Vijana wakatazama bila kusema. Aliuchomoa, akaurudisha kwa aliyemwazima, akaomba maji ya kunywa.

Kile kibaraza bado kipo. Nimekiona jana asubuhi. Kivuli wanakaa kilekile. Lori limeegeshwa upande wa pili wa barabara, kwenye mwembe, na sijamuuliza dereva kwa nini.